Juu ya Kusoma Manga Katika Kioo

Mswahili wa zamani akisikia neno manga hukumbuka Arabuni. Manga ndiko walikotoka Wamanga waliofika pwani kwa majahazi ya msimu. Pilipili manga ina jina hilo hilo, na njiwa manga pia. Kijana wa Upanga akilitaja neno hili leo hana habari ya majahazi. Kwake manga ni hadithi za Kijapani zisimuliwazo kwa picha. Kwa Kijapani neno huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya kitu kilichoachwa kiende kipendavyo, na ya pili ikiwa picha. Hokusai aliviita hivyo vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutoka mwaka 1814. Maneno haya mawili hayana nasaba, yamekutana katika Kiswahili kwa bahati tu. Walakini bahati hiyo ina mzaha mzuri ndani yake, kwa kuwa manga ya Wajapani na maandishi yaliyotoka Manga ya Waarabu yanashiriki desturi moja: mkono wa kulia ndio mlango wa ukurasa.

Kuna hukumu mbili zilizozoeleka juu ya kusoma hadithi hizi katika simu, katika kishikwambi, au katika vile vyombo vya wino wa umeme vilivyotengenezwa kwa ajili ya vitabu. Wapenda vitabu wa rika la wazee husema kwamba kioo ni kioo na kitabu ni kitabu, na asomaye katika kioo hajasoma. Vijana husema kwamba picha ni ile ile popote itokeapo. Hukumu zote mbili zimetolewa bila kupima. Jambo linalotakiwa kuulizwa ni dogo kuliko hayo na gumu zaidi: mtu aliyesoma manga katika kioo cha upana wa sentimita 7 amesoma kazi ipi, na anayo haki ya kuisema kuwa ni njema au mbaya?

Upanga ni mahali pafaapo kuliuliza swali hili. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, imesimama katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Shule za Azania, Jangwani na Tambaza ziko upande huo huo wa mji. Na Kariakoo, yenye maduka ya simu na vishikwambi, mapya na yaliyokwisha tumika, si mbali kwa miguu. Mwanafunzi wa hapo huweza kutoka mbele ya rafu za vitabu na kufika mbele ya kabati la vioo kabla jasho halijamkauka. Katika rafu hataona manga. Katika kioo ataiona yote.

Hadithi za picha zenyewe si ngeni Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, kazi ya Christian Gregory, na vijana wa wakati huo walifuata pia visa vya Lance Spearman katika African Film, ambamo picha zilikuwa za kamera, si za kalamu. Miaka ya 1980 ikaleta gazeti la Sani, na pamoja nalo Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki angali kijana mwaka 1986 na kuacha mkono ambao wengi walijaribu kuufuata. Kipepe, Lodilofa na Ndumilakuwili walijulikana mitaani kama majirani wenye nyumba zao. Baadaye James Gayo akamleta Kingo. Gazeti la namna hiyo lilikunjwa, likaazimwa, likapita mikono mingi, likasomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, mmoja akimngoja mwenziwe kabla ya kufunua. Kufunua kulikuwa ni mapatano. (Simu haisomwi hivyo, kioo chake ni cha macho mawili tu, na anayechungulia begani huambiwa aondoke.)

Manga haikuja kwa njia hiyo. Msomaji wa Upanga aghalabu hukutana nayo kwanza katika kioo, na wengi hawajapata kushika hata juzuu moja ya karatasi. Hapo ndipo hali yake inapotofautiana na ya Mjapani. Huko Japani karatasi ilitangulia kwa muda mrefu: mwishoni mwa mwaka 1994 toleo moja la Weekly Shonen Jump lilichapwa nakala zaidi ya 6,500,000, na ni mwaka 2017 tu ambapo mauzo ya vitabu vya manga vya kioo yaliyapita mauzo ya juzuu za karatasi. Mjapani aliyehama anajua ni kitu gani alichokibadilisha kwa kitu gani. Msomaji wa hapa hajui, kwa kuwa hakukabidhiwa kile cha kwanza. Anachokiona ndicho anachodhani kimechorwa.

Isidhaniwe kwamba karatasi ya manga ilikuwa kitu cha heshima. Magazeti yale ya kila wiki yalichapwa katika karatasi duni iliyosagwa upya, nene na yenye kukwaruza, na baada ya kusomwa yalitupwa. Kilichohifadhiwa kilikuwa juzuu ndogo, iliyokusanya sura kadhaa, yenye ukurasa wa sentimita 11 hivi kwa 17 na nusu. Kwa hiyo mchoraji wa manga tangu awali amezoea kuona kazi yake ikipunguzwa. Huchora katika karatasi kubwa, gazeti huipunguza, juzuu huipunguza tena. Yamkini mtu atasema kwamba simu ni hatua moja zaidi katika ngazi ile ile. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kilichopungua kingekuwa ukubwa peke yake. Lakini gazeti na juzuu, pamoja na kupunguza, viliacha kitu kimoja salama: ukurasa mzima, na mwenziwe unaotazamana nao.

Ukurasa wa manga si mkusanyiko wa visanduku vya picha kama tasbihi ilivyo mkusanyiko wa punje. Jicho likifika huuona wote kwa mara moja, kabla ya kuanza kusoma kisanduku cha kwanza cha juu kulia. Hutambua mara hiyo kwamba upande wa chini kuna kisanduku kikubwa cheusi, kwamba katikati kuna vidogo vitatu vinavyosongamana, kwamba pembeni kuna nafasi nyeupe isiyo na kitu. Kisha husoma, lakini husoma likiwa limekwisha onywa. Hofu, haraka, utulivu, vyote hupangwa kwa ukubwa wa visanduku na kwa nafasi zilizo baina yao. Mchoraji stadi huweka jambo la kushtua mahali ambapo msomaji hawezi kuliona mpaka afunue. Naye huweka swali katika kona ya mwisho ya ukurasa wa kushoto, kwa kuwa ndiyo kona ya mwisho kabla ya kufunua.

Waswahili hawahitaji kwenda Japani kujifunza jambo hili. Hati za kale za tenzi, kama zile zilizokusanywa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuorodheshwa na J. W. T. Allen katika kitabu kilichotoka mwaka 1970, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na aghalabu ubeti mzima wa vipande vinne ulipangwa katika mstari mmoja au miwili kutoka kulia kwenda kushoto. Vipande vitatu vya kwanza vina kina chao, nacho hubadilika kila ubeti. Kipande cha nne kina kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Katika hati iliyoandikwa ubeti kwa mstari, kina hicho huangukia ukingo wa kushoto, ubeti baada ya ubeti, kikasimamisha safu moja iliyonyooka kama nguzo za baraza. Jicho huiona kabla ulimi haujaisoma. Utenzi ulipohamishiwa herufi za Kirumi na kuchapwa, vipande vinne vilipangwa kimoja chini ya kingine. Hakuna neno lililopungua, lakini safu ile ilivunjika. Kina cha mwisho kikawa kinatokea kila baada ya mistari mitatu, kama mtu anayechungulia dirishani na kujificha. Hakuna aliyelalamika sana, na sababu yake ni wazi. Utenzi huimbwa, na sikio liliendelea kulinda kile ambacho jicho lilikipoteza. Hadithi ya picha haina sikio la kuilinda.

Ni vema kuchukua kitabu kimoja na kukitazama kwa karibu, na kwa watu wa Upanga kitabu chenyewe kinajitokeza. Mpira wa kikapu una watu wake hapo. Viwanja vya Don Bosco vimekuwa makao ya mchezo huo kwa miaka mingi, na tangu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya Marekani mwaka 2009, hakuna kijana mrefu wa mji huu ambaye hajaulizwa kwa nini hachezi. Slam Dunk, kazi ya Takehiko Inoue, ilitoka wiki kwa wiki katika Weekly Shonen Jump kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, ikakusanywa katika juzuu 31. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Hanamichi Sakuragi, kijana mgomvi mwenye nywele nyekundu, anaingia katika timu ya shule ya Shohoku ili kumpendeza msichana, akiwa hajui hata kudundisha mpira. Humo anamkuta Kaede Rukawa, mchezaji hodari asiyesema na mtu, na uadui wao hudumu karibu kitabu kizima.

Mchezo wa mwisho, dhidi ya mabingwa wa nchi wa shule ya Sannoh, umechukua juzuu kadhaa, na ni mchezo wa kelele. Manga huchora sauti kwa wingi: mdundo wa mpira, mlio wa viatu sakafuni, mngurumo wa watazamaji, vyote ni herufi nene zilizotapakaa juu ya picha. Kisha katika sekunde za mwisho Inoue anaondoa yote. Hakuna kiputo cha maneno, hakuna herufi ya mlio. Hubaki miili, mpira na saa. Rukawa, asiyependa kumtolea mtu mpira, anampa Sakuragi. Kabla ya kutupa, Sakuragi ananong'ona maneno machache kuhusu mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kuegemeza tu. Ndilo fundisho alilopewa katika mazoezi ya mitupo 20,000. Mpira unaingia, mchezo unakwisha kwa 79 dhidi ya 78, na maadui wawili wanatembea mmoja kumwelekea mwenziwe, wakapigana viganja. Picha ya viganja hivyo imechorwa katika kurasa mbili zinazotazamana.

Yafaa kukaa kidogo juu ya ule mkono wa kushoto. Manga zilipoanza kutafsiriwa Marekani, wachapaji waliziona kinyume na desturi yao, wakazigeuza kana kwamba zimeakisiwa katika kioo cha kujitazamia, ili zisomwe kutoka kushoto. Akira ya Katsuhiro Otomo, ilipotolewa huko kuanzia mwaka 1988, iligeuzwa hivyo na kutiwa rangi juu yake. Kampuni ya Tokyopop ndiyo iliyofanya biashara kubwa, kuanzia mwaka 2002, ya kuziacha kama zilivyo. Kugeuza hudhaniwa kuwa ni jambo la utaratibu tu. Lakini Sakuragi akigeuzwa hutupa kwa mkono wa kushoto na kuegemeza kwa wa kulia, na fundisho la mitupo 20,000 huwa uongo mbele ya macho ya msomaji. Programu njema za leo hutunza mwelekeo wa asili. Programu ya kawaida ya kutazama picha haijui mwelekeo, hufuata namba za picha na kuzisogeza upande ule ilioandikiwa; hapo msomaji hupewa kurasa zilizo sahihi kwa mwendo usio sahihi, kidole kikienda kulia huku macho yakienda kushoto. Mtu aliyefundishwa kusoma chuoni kabla ya kuingia darasa la kwanza hurekebisha kosa hilo bila kufikiri. Ni faida ndogo aliyorithi, na vitabu vya shule havikumwambia kwamba anayo.

Tena kuna zile kurasa pacha za viganja. Msomaji wa juzuu hufunua, na kwa upana wa sentimita 22 huona tendo lote kwa pigo moja. Msomaji wa kishikwambi alichokishika wima hupewa nusu ya kulia, kisha akisogeza kidole hupewa nusu ya kushoto. Makutano ya viganja hukatwa pale pale mshono wa kitabu ulipokuwa. Akikilaza kishikwambi, na programu ikikubali, kurasa huungana, ingawa hupungua. Msomaji wa simu aliyechagua mtindo wa kisanduku kwa kisanduku hupata hasara nyingine, isiyoonekana kwa urahisi. Mtindo huo, ambao kampuni ya ComiXology iliueneza kuanzia mwaka 2009 kwa hadithi za picha za Marekani, hukuza kila kisanduku mpaka kijaze kioo, kisha huhamia kinachofuata. Kidogo hukuzwa sana, kikubwa hukuzwa kidogo au hupunguzwa, vyote vikaishia upana mmoja. Ule ukimya wa Inoue umejengwa kwa kupanuka kwa visanduku. Katika mtindo huu hakuna kinachopanuka. Kila kitu kina ukubwa wa sauti moja, kama muadhini na mchuuzi wa samaki waliopewa kipaza sauti kimoja.

Ni jambo la kawaida kumsikia mwanafunzi akisema kwamba manga ni haraka tupu, haina mahali pa kupumzika. Inawezekana kwamba kitabu alichosoma ni cha namna hiyo, maana vingi ni vya namna hiyo na havistahili kutetewa. Lakini mhakiki aliyemsoma Inoue kisanduku kwa kisanduku, kisha akaandika kwamba hana mapumziko, ameihakiki simu yake. Slam Dunk ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyokawia sana kuingia kihalali katika vyombo vya kioo nchini Japani, na si ajabu.

Basi na vipimwe vyombo vyenyewe. Simu ya kawaida ina kioo cha upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa wa juzuu, wenye upana wa sentimita 11, ukiingizwa humo mzima, hubaki na sehemu mbili katika tano za eneo lake. Maneno ya viputo husomeka kwa taabu, ndiyo sababu watu hukimbilia kukuza. Chombo cha wino wa umeme cha inchi 6 huonyesha ukurasa kwa saba ya kumi ya urefu wake. Kishikwambi cha inchi 8, cha umbo la 16 kwa 10, kina kioo cha sentimita 10.8 kwa 17.2, nacho kinalingana na ukurasa wa juzuu karibu nywele kwa nywele. Hakuna aliyekitengeneza kwa nia hiyo, lakini kati ya vyote vilivyomo katika makabati ya Kariakoo hicho ndicho kimfaacho msomaji wa manga, na mara nyingi si cha bei ya juu. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo baadaye viligawiwa walimu, vimeifanya hata lugha ikizoee chombo hiki. Miaka michache kabla ya hapo neno lenyewe lilikuwa likichekwa.

Wino wa umeme unastahili maneno mazuri kuliko unavyopewa. Katika kioo cha namna hiyo, mamilioni ya vidonge vidogo vyenye chembe nyeusi na nyeupe husukumwa juu au chini kwa umeme, na zikishafika mahali pake hubaki hapo bila kutumia nguvu yoyote mpaka ukurasa ubadilishwe. Mwanga haumulikwi machoni kutoka nyuma ya picha. Huakisiwa kutoka mbele, kama katika karatasi. Japani ilikuwa ya kwanza kuona chombo cha vitabu cha wino huu madukani, Librié ya Sony, mwaka 2004, miaka mitatu kabla ya Kindle kutoka Marekani. Na mwaka 2016 Amazon ilitoa huko Kindle ya manga yenye nafasi ya gigabaiti 32, kwa kuwa picha ni nzito kuliko maneno. Manga karibu yote ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ukosefu wa rangi, ambao huwaudhi wasomaji wa hadithi za Kimarekani, hapa si upungufu. Na katika mgao wa umeme wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, mwenye chombo cha kukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Ila kuna tatizo la nukta. Kivuli katika manga aghalabu si rangi ya kijivu. Ni nukta nyeusi ndogo sana zilizopangwa kwa safu, zilizobandikwa kutoka karatasi maalumu. Jicho ndilo linalozichanganya kuwa kijivu. Picha ya nukta ikipunguzwa na mashine, nukta hugongana na chembe za kioo, na badala ya kivuli hutokea mawimbi na mistari ambayo mchoraji hakuichora, kama ile ionekanayo vyandarua viwili vikipandana. Shigeru Mizuki, aliyefariki mwaka 2015, huumia zaidi kuliko wote. Watu wake ni wepesi, mistari michache tu, karibu vikaragosi. Lakini misitu, mawe na nyumba zilizo nyuma yao zimejengwa kwa nukta za mkono zisizohesabika, na tofauti hiyo baina ya mtu mwepesi na dunia nzito ndiyo falsafa yake yote. Katika nakala mbaya nukta zile huwa tope. Mtu mwepesi hubaki amesimama mbele ya tope, na msomaji hudhani kuwa mchoraji alikuwa mvivu. Nakala mbaya kupita zote ni zile za wizi, zilizopigwa picha na watu binafsi na kubanwa mara kadhaa ili zisafiri kwa wepesi. Ukiacha haki ya mchoraji, ambayo ni jambo kubwa kwa nafsi yake, ni nakala zinazomsingizia.

Itakuwa si haki kuzungumza juu ya simu kana kwamba kazi yake ni kuharibu tu. Wakorea walikubali mapema kwamba kioo cha simu si ukurasa. Katika mtindo wao, ambao shirika la Naver limeueneza tangu mwaka 2004, visanduku hupangwa kimoja chini ya kingine katika ukanda mrefu usio na kufunua, na msomaji huuvuta kwa kidole. Hili ni gombo lililorudi. Muda humo haupimwi kwa ukubwa wa kisanduku, hupimwa kwa urefu wa nafasi nyeupe inayopaswa kuvutwa kabla ya picha inayofuata. Mtu anayeanguka kutoka juu huweza kuanguka kwa urefu wa vioo kumi. Ukanda ule ukichapwa katika kitabu hukatika vibaya kama vile ukurasa wa Inoue unavyokatika katika simu. Kwa hiyo kila kazi ina umbo lililokusudiwa, na mhakiki hana budi kulijua kabla ya kufungua kinywa.

Inabaki lugha. Kampuni ya Shueisha, yenye Weekly Shonen Jump, ilianzisha programu yake ya MANGA Plus mwezi Januari 2019, ambayo hutoa sura za mwanzo na za karibuni bila malipo katika nchi nyingi duniani. Inasomwa kwa Kiingereza na Kihispania, na baadaye zimeongezwa Kifaransa, Kiindonesia, Kireno, Kirusi, Kitai na nyinginezo. Kiswahili hakimo. Msomaji wa Upanga husoma Ujapani kwa Kiingereza, na wakati mwingine Kiingereza hicho chenyewe kimetafsiriwa na mtu asiyekijua sana. Filamu za kigeni zilipata bahati bora zaidi katika mji huu, kwa kuwa zilimpata Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na wenziwe waliosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya sinema, wakieleza, wakiongeza, wakimtania mhusika. Kazi yao ilikuwa tafsiri na uhakiki kwa pamoja. Picha inayokwenda hukubali msimulizi kando yake. Ukurasa uliokaa kimya haumkubali; maneno hayana budi kuingia ndani ya kiputo.

Na kiputo cha Kijapani hakikuumbwa kwa ajili ya Kiswahili. Kijapani huandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo viputo vyake ni virefu na vyembamba kama mitungi. Kiingereza huponea humo kwa ufupi wa maneno yake, yanayoweza kurundikwa moja juu ya jingine. Kiswahili hufunga sentensi nzima katika kitenzi kimoja. Pale ambapo Kiingereza kingetumia maneno mafupi matano, Kiswahili husema hawakumwambia, herufi 13 zisizo na mwanya, na mwandikaji wa viputo hupewa hiari mbili mbaya, ama kupunguza herufi mpaka zisisomeke katika simu, ama kulikata neno. Kulikata si msiba mkubwa kama inavyodhaniwa, kwa kuwa silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu na neno hukatika kwa usafi mahali pengi. Lakini sauti ya mtu mwenye hasira haipendezi ikikatwa mara tatu kabla hajafika mwisho wa kitenzi. Mchoraji wa hapa atakayechora hadithi yake mwenyewe ataviumba viputo vikiwa vimelala, na kiputo kilicholala hudai kisanduku kipana, na kisanduku kipana ndicho simu isichokitaka. Atapaswa kuchagua kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Wachoraji wa Sani hawakukabiliwa na jambo hili, kwa kuwa upana wa gazeti ulijulikana.

Kurasa za mwisho za mchezo wa Shohoku haziingii katika taabu hii, isipokuwa kwa mnong'ono ule mmoja. Hazina kiputo. Mtu wa Upanga asiyejua Kijapani wala Kiingereza anaweza kuzisoma zote jinsi zilivyokusudiwa, ikiwa akifika kwenye viganja atakumbuka kukilaza kishikwambi chake.